Senti ya Tobo la Pembe Nne

Pale Miembeni, kwenye baraza ya duka la Mwarabu, fundi Nathanieli alikuwa na cherehani, kiti kibovu na jina la utani ambalo hakulichagua. Watu walimwita Ta Matobo, yaani Mzee Matobo. Walimwita hivyo usoni pake, wala hakununa, maana walikuwa na haki. Senti za serikali za wakati ule, zile tulizozitunga kwenye kamba tukazifunga kiunoni, zilikuwa na tobo la duara. Alizozitafuta Nathanieli zilikuwa na tobo la pembe nne, na mtu yeyote wa Bukoba aliyemletea mojawapo alishonewa suruali, akapewa na kahawa ya kutafuna juu yake. Wengine walimwona amerukwa na akili. Mimi nasema akili zilikuwapo zote, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake.

Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu, Kagaruki. Alipewa jina la babu, na kwa Kihaya jina hilo lina habari za kurudi ndani yake. Alipojiandikisha uaskari wakati wa vita vya pili vya Mjerumani, mama yake, Kokuhirwa, alilia siku nzima, kisha akajifuta uso akasema kwamba mtu mwenye jina kama lile hapotei. Kagaruki akapanda meli ya ziwani na wenzake, wakiimba, mmoja wao akipuliza filimbi vibaya sana. Baada ya hapo bomani waliitwa wazazi wakaambiwa kwamba kijana amefariki ng'ambo akiwa kazini. Haikuletwa maiti, haikuletwa kofia, haikuletwa hata kifungo cha shati. Karani aliyewasomea alikuwa na haraka, nyuma yao palikuwa na wazazi wengine.

Vita vilipokwisha, akarudi Protase. Alikuwa wa jeshi moja na Kagaruki, kijana mrefu wa Hamugembe, mtumia mkono wa kushoto, aliyeondoka na meno yote akarudi na pengo. Alikaa kama miezi miwili hapa mjini bila kufika kwa Nathanieli. Siku alipofika, aliketi kwenye kigoda, akapokea kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na mama yake, akaitia mdomoni, asiitafune. Kisha akatoa kwenye koti lake la kaki senti ya shaba nyeusinyeusi, yenye tobo la pembe nne, imefungwa uzi.

"Niliivua shingoni mwake, Ta," alisema.

Kokuhirwa aliipokea yeye, si mumewe. Akaiweka shavuni, akainusa. Uzi ule ulinukia buni, harufu ya nyumbani kabisa, ya uani wakati kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Wote wawili waliinusa kwa zamu wakalia kwa sauti. Mtoto alikwenda mpaka mwisho wa dunia, wakasema, akafa na harufu ya kwao shingoni.

"Ni kitu gani hiki?" aliuliza Nathanieli.

"Pesa ya Kichina, Ta."

"Aliipata wapi?"

"Kwa Mchina."

"Rafiki yake?"

Protase alitazama mlango. "Rafiki yake, ndiyo."

"Na haya maandishi? Huyo Mchina alimwambia yanasemaje?"

"Alimwambia."

"Yanasemaje?"

"Nimesahau, Ta. Unisamehe. Nimesahau."

Neno hilo moja, nimesahau, ndilo lililommaliza Nathanieli. Lau Protase angesema hajui, mzee angelia na kunyamaza kama wazazi wengine. Lakini kumbe palikuwa na maneno. Maneno manne, moja kila upande wa tobo, mwanawe aliyajua, akayavaa, akafa nayo, na baba mtu anayashika mkononi hawezi kuyasoma. Ilimuuma kuliko ile taarifa ya bomani.

Wazee wa ukoo walikuja wakakaa. Wakasema mtu asiyeletwa mwili apewe kaburi hata hivyo, kwenye kibanja chao, kati ya migomba, na ndani yake kiwekwe kitu kilichogusa mwili wake. Kitu hicho kimeshapatikana. Mwinjilisti wa Kilutheri aliulizwa. Akasema kanisa halina sala ya kuzika pesa, ila wakizika yeye atapita tu njiani, na akipita ataimba, na akiimba hatakatazwa. Kila mtu aliridhika isipokuwa mmoja.

"Tumzike mtoto, Baba Kagaruki," alisema Kokuhirwa.

"Tutamzika. Nikishajua inasema nini."

"Inasema amekufa."

"Mama Kagaruki, ikishaingia udongoni haisomeki tena. Nipe muda kidogo."

Akampa. Nyuma ya nyumba yao Hamugembe, chini ya mgomba mkubwa wa ndizi za kupika, Kokuhirwa alichagua mahali pa kaburi, na tangu siku hiyo hakupanda kitu pale. Maharage yalizunguka, mihogo ilizunguka. Kila msimu alipalilia ile nafasi tupu, akaifagia, akaondoka. Wageni walidhani ni mahali pa kuanikia kahawa.

Huo muda kidogo ukawa miaka. Nathanieli alianza kwa kutafuta senti nyingine za namna hiyo, akiwa na hoja nzuri: mtu hawezi kujifunza kusoma kwa kutazama neno moja tu. Askari waliorudi kutoka Burma na Ceylon walikuwa nazo, wengine wamewavalisha watoto, wengine wamezitupa kwenye kopo la misumari. Alipanda malori, akafika Kamachumu, akafika Muleba, akauliza nyumba kwa nyumba kama mpiga ramli. Mwarabu wa baraza alimuuzia kisahani cha Kichina chenye samaki wa buluu, kimevunjika ukingo. Kwa mzee mmoja aliyewahi kumbebea mizigo ofisa wa Kijerumani alipata nishani ya shaba yenye ndege mkubwa anayemkanyaga joka, ambayo ofisa yule alipewa kwa kwenda kupigana China kabla ya kuletwa huku. Nathanieli aliiweka mbali na nyingine. Hakumpenda yule ndege.

Alizipanga senti zake juu ya meza ya kukatia vitambaa, akazilinganisha. Alizidondosha moja moja juu ya jiwe la kunolea mkasi ili asikie ipi inalia na ipi imekufa sauti. Zile za kuigiza hazilii. Akagundua jambo, na siku aliyoligundua alisimama akatembea mpaka ziwani na kurudi bila kuona njia. Alama ya kulia na ya kushoto zilikuwa zilezile kwenye karibu senti zote. Zilizobadilika ni ya juu na ya chini. Basi, akasema, juu na chini ni jina la mfalme wao, kama Joji alivyo kwenye shilingi yetu. Lakini kulia na kushoto? Neno gani hilo ambalo kila mfalme wa China analirudia, akifa mmoja na mwingine analisema vilevile? Alidhani ni baraka. Siku nyingine alidhani ni agizo kwa wasafiri. Senti ya Kagaruki hakuilaza na nyingine hata mara moja. Ilining'inia kwenye msumari juu ya cherehani, na uzi wake kama ulivyokuja.

Protase alikuwa akija. Hakupenda kuja, bali aliitwa, akawekewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mtu aliyewekewa kibuyu kizima cha rubisi atasema. Aliulizwa Mchina yule alikuwa mrefu au mfupi, akasema mfupi. Aliulizwa kama walikula pamoja, akasema wali. Kadiri miaka ilivyokwenda habari ilinenepa, chumvi ikaongezwa juu ya chumvi, mpaka Mchina akawa na mke, na jeraha la mguu alilofungwa na Kagaruki kwa mikono yake mwenyewe. Nathanieli alisikiliza mdomo wazi. Kokuhirwa alisikiliza akiwa jikoni, halafu akatoka kwenda kupalilia pale pasipo na kitu.

Basi ikawa mwaka ule wa mvua nyingi, habari zikaenea kwamba kwenye hospitali ya misheni upande wa Muleba ameletwa muuguzi wa Kizungu, Bibi Alma, ambaye alikaa China tangu ujana wake mpaka wakomunisti walipowafukuza wamisionari. Anaongea Kichina, walisema, kuliko anavyoongea Kiswahili. Nathanieli alifunga cherehani katikati ya kazi. Suruali ya mtu ilibaki na mguu mmoja.

Kokuhirwa alikuwa amezeeka sana kufikia hapo, na kifua kilimsumbua. Alimshika mumewe mkono.

"Ukishajua, basi?"

"Nikishajua, basi. Naapa."

"Nitawaita watu. Jumamosi."

"Waite."

Bibi Alma alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni. Alipoona maandishi yale, uso wake ulibadilika kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akayasoma kwa sauti, Kichina kwanza, na Nathanieli akafumba macho asikie vizuri sauti aliyoisikia mwanawe.

"Hili la juu na hili la chini ni mfalme," alisema. "Ni enzi yake. Chienlungi. Zamani sana."

"Nilijua!" alisema Nathanieli, na furaha ikampanda mpaka kooni. "Nilijua, Bibi. Na haya mawili? Kulia na kushoto?"

Bibi Alma alitafuta Kiswahili chake. "Pesa," alisema. "Ni pesa inayopita kila mahali. Pesa ya kutumia."

"Na nini tena?"

"Basi. Pesa ya kutumia."

Nathanieli aliitazama senti, akamtazama tena yule mama. Hakuwa mtu wa kubishana na Wazungu. Alijisemea kwamba labda kwa Wachina pesa si pesa tu. Lakini Bibi Alma alikuwa ameshika uzi kwa vidole viwili, akiuinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mtoto wako aliivaa shingoni," alisema, wala hakuwa anauliza.

"Umejuaje?"

"Mama mmoja aliniletea kama hii. Ya mtoto wake. Askari. Yeye pia, shingoni. Anaitwa Klotilda, anakaa Buganguzi."

Angeweza kurudi nyumbani. Nimewahi kufikiri juu ya hilo: angepanda gari siku ileile, akazika Jumamosi, akafa na Mchina wake mfupi mwenye mke. Lakini mkusanyaji hawezi kusikia kwamba ipo nyingine kama yake akageuka. Akaenda Buganguzi.

Klotilda alikuwa Mkatoliki, mjane, mwenye kibanja safi cha migomba na buni kilichoteremka bondeni. Alimkaribisha mgeni vizuri, akamwekea ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage, akamwacha ale kwanza. Senti yake ilikuwa imetundikwa juu ya picha ya Bikira Maria. Nathanieli aliiomba, akaigeuza. Chienlungi, juu na chini. Mgongoni alama mbili zilizojikunja, kama zile za mgongoni mwa senti ya Kagaruki. Uzi ulikuwa uleule, na harufu ileile.

"Mwanangu Ildefons aliondoka na hao wa Bukoba," alisema Klotilda. "Mwenzake akaniletea hii. Akaniambia, 'Niliivua shingoni mwake, Ma.'"

"Mwenzake gani?"

"Kijana mmoja mrefu. Ana pengo hapa."

Nathanieli aliirudisha senti ile juu ya picha. Akajipa moyo: walikuwa marafiki watatu, Mchina aliwapa wote. Kwa nini asiwape wote? "Yule Bibi amekusomea?" aliuliza.

"Yule mama wa Kizungu hajui kusoma," alisema Klotilda kwa hasira. "Ati pesa. Mwanangu afe amevaa pesa ya kutumia? Wewe Ta, wanasema umezisomea sana. Yangu inasemaje?"

"Bado sijajua, Ma," alisema Nathanieli. "Nitakuletea habari."

Alipata lori la kahawa lililokuwa likienda Bukoba. Utingo alimpandisha juu ya magunia, akakaa huko peke yake, upepo ukimpiga. Njia ilikuwa mbovu, akawa anajishikilia kwenye mdomo wa gunia. Na ndipo vidole vyake, vidole vya fundi aliyeshona tangu wakati wa Mjerumani, vilipomwambia kile ambacho macho yake yalikataa kukiona miaka yote ile. Alikuwa ameshika uzi wa katani uliosokotwa mara mbili. Akautoa ule wa Kagaruki mfukoni, akauweka kando ya ule wa gunia. Ulikuwa mmoja. Akatafuta fundo la mwisho kwenye kona ya gunia. Fundo lilikwenda kulia, kama linavyofungwa na watu wengi. Akaangalia fundo la senti. Lilikwenda kushoto, kama linavyofungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Protase, aliporudi tu kutoka vitani, alipata kazi kwenye ghala la kahawa Bukoba. Alikuwa anashona midomo ya magunia. Kila mtu alilijua hilo, na Nathanieli alilijua kuliko wote. Mara ngapi alimtania kwamba naye ni fundi mwenzake? Uzi ule haukutoka Burma. Ulitoka ghalani, mwendo mfupi tu kutoka kwenye baraza yake, na harufu ya buni aliyoililia na mkewe ilikuwa harufu ya magunia. Yeye, fundi cherehani, aliitazama senti mpaka ikamjaa machoni, na uzi hakuutazama. Alicheka pale juu ya lori, kicheko kibaya, utingo akachungulia kuona kama mzee ameanguka.

Alimkuta Protase nje ya ghala, anajikung'uta vumbi. Hakumsalimu. Alinyoosha mkono wenye senti na uzi, basi. Protase alitazama, akakaa chini palepale kwenye udongo.

"Kwenye shingo gani uliivua?" aliuliza Nathanieli.

"Hapakuwa na shingo, Ta," alisema Protase. "Palikuwa na maji tu."

Akasema yote, na safari hii hakutia chumvi. Hawakufika pamoja Burma. Meli iliyowachukua ilipigwa kombora baharini mchana kweupe, ikazama kabla mtu hajamaliza sigara. Kagaruki alikuwa chini, kwenye vyumba vya askari, na Ildefons, na vijana wengine wengi wa huku. Protase alikuwa juu kwa sababu tumbo lilimchafuka. Ndiyo sababu yuko hai, kwa sababu alitapika. Yeye alipelekwa mbele na jeshi jingine, na huko sokoni Mchina mmoja alikuwa akiuza senti kuukuu kwa fungu, akanunua fungu zima.

"Nilijua nikirudi mtaniuliza. Wote mtaniuliza, yuko wapi. Ningekuja mikono mitupu, Ta? Nimwambie Ma Kokuhirwa mtoto ameliwa na samaki?"

"Na Mchina? Na mguu alioufunga? Na mke?"

"Wewe uliniuliza," alisema Protase, akilia sasa waziwazi, mtu mzima. "Kila mara uliniuliza. Nilitaka kunyamaza, unaniwekea rubisi, unanitazama hivyo. Ningesemaje?"

Nathanieli hakumpiga. Nguvu za kumpiga mtu alikuwa nazo, alichokosa ni sababu. Mchina yule mfupi hakutungwa na Protase peke yake. Walimtunga wawili, mmoja anauliza na mwingine anajibu. Kagaruki hakuwahi kuiona senti ile. Hakujua maneno yake, hakula wali na Mchina, hakumfunga mtu jeraha. Alikwenda tu, akazama, na kila kitu ambacho baba yake alijifunza tangu siku ile, wafalme na sauti za shaba na alama za kulia na kushoto, hakikuwa na Kagaruki ndani yake hata kidogo. Alimlilia miaka yote hiyo mtu mwingine kabisa. Mwanawe alikuwa bado hajaliliwa.

Jumamosi ilifika na watu wakafika. Shimo lilikuwa tayari chini ya mgomba, dogo, limechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka. Wazee wa ukoo walikuwapo. Mwinjilisti alikuwa njiani, kama alivyoahidi, akitembea polepole sana na kitabu cha nyimbo kwapani. Protase naye alikuja na jembe, akasimama nyuma ya wote. Kokuhirwa alitolewa nje akishikiliwa mikono, amevaa gauni jeupe aliloshonewa na mumewe, na kifua kinamsukuma kwa kila neno.

"Baba Kagaruki. Umesomewa?"

"Nimesomewa."

"Inasemaje?"

Nathanieli alimtazama Protase, na Protase akatazama chini. Senti ilikuwa mkononi, na uzi wake wa gunia.

"Inasema, 'Nimerudi,'" alisema Nathanieli.

Kokuhirwa alifunga macho. "Mawe, mama yangu!" alisema. "Jina lake."

"Ndiyo. Jina lake."

Kokuhirwa akaichukua senti, akainusa mara ya mwisho, akapiga magoti akaiweka shimoni kwa mkono wake mwenyewe, taratibu kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe. Njiani mwinjilisti alianza wimbo. Protase alifukia. Kokuhirwa aliupigapiga udongo mpaka ukakaa sawa, akasimama, akavuta pumzi ndefu ambayo kwa miaka mingi haikuwahi kufika mwisho, akasema, "Sasa najua alipo."

Nathanieli alimpokea Protase jembe, akalikung'uta udongo.

Mama yule hakufa mwaka huo, wala uliofuata. Kifua kilipungua kumsumbua, akapata hata nguvu za kwenda shambani. Kila asubuhi aliketi pale chini ya mgomba, akamweleza Kagaruki habari za nyumba, nani ameoa, mbuzi gani amezaa, na nyumbani mumewe aliyasikia yote akiwa anavaa viatu vya kwenda Miembeni. Senti nyingine alizitia kwenye kopo, akalisukuma chini ya kitanda. Habari aliyomwahidi Klotilda hakumpelekea. Na kila asubuhi, kabla hajaondoka, Kokuhirwa alimwita.

"Baba Kagaruki! Njoo umsalimie mtoto."

Naye alikwenda, akavua kofia, akasalimia.